Siku ya Kufua Nguo

Kijana wa Kimormoni, akiisha kupata miaka 18, aweza kutumwa na kanisa lake kuhubiri muda wa miaka 2. Makao makuu ya kanisa hilo yako Salt Lake City, nchi ya Marekani. Hajichagulii mahali pa kwenda, wala hapewi mshahara. Huenda na mwenziwe, ambaye naye hakumchagua, na haifai waachane.

Siku sita husoma asubuhi, kisha huwatafuta watu njiani na majumbani, na milango mingi hufungwa usoni pake. Siku moja katika juma hupewa afue nguo, anunue chakula na kuwaandikia wazazi. Hata hiyo, jioni hurudi kazini.

Zamani ruhusa ya kuzungumza na wazazi kwa simu ilikuwa mara 2 tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Mwaka 2019 wakubwa waliruhusu kila juma, katika siku ile ya kufua. Huenda mtu akasema ya kuwa sauti ya mama humlegeza kijana. Sivyo. Kinachomlegeza ni kukataliwa siku sita, asipate wa kumweleza ila mwenziwe aliyekataliwa pamoja naye. Barua ni njema, lakini barua huweza kuficha machozi. Mama akisikia sauti hadanganyiki. Atamwuliza, “Umekula nini leo?” Naye kijana, nguo zikiwa bado kambani, atamjibu kweli.