Injini ya Dar si injini ya Nairobi

Makala yako ya injini za ndege za modeli ni nzuri, ila mwandishi umelipita juu juu suala la mwinuko. Ndege ya kujifunzia ya saizi ya kawaida huandikiwa injini ya methanoli ya sentimita za ujazo 6.5 hadi 7.5. Dar es Salaam, usawa wa bahari, 6.5 inatosha kabisa. Nairobi iko juu ya mita 1,600: hewa nyepesi, injini inapungukiwa na sehemu nzuri ya nguvu zake, na bawa nalo linadai mwendo zaidi ndipo libebe. Huku chukua 7.5 bila kusita.

Kuzidisha hapo sikubaliani nako. Pua ikilemea utaishia kubandika risasi mkiani, na ndege nzito hutua kwa kasi. Afadhali ucheze na propela: inchi 11 kwa 5 huvuta vizuri zaidi wakati wa kuruka kuliko 10 kwa 7. Injini ya mipigo minne ina mlio mtamu na hainywi sana, lakini kupata mvuto uleule utahitaji karibu sentimita za ujazo 9, na bei yake, mh!

Mota ya umeme? Kama mafuta yenye nitromethani ni shida kuyapata ulipo, mjadala umekwisha.

Ukishafunga injini na kuiwasha, mwenzako aishike ndege, wewe simama nyuma ya propela. Fungua kabureta yote, kisha ainyanyue pua juu. Mlio ukianza kufifia, mafuta hayatoshi. Legeza sindano kidogo kabla hujaruka.