Ngome Haikutwaliwa na Wamazrui Peke Yao

Si kweli kwamba Wamazrui, walowezi wenye asili ya Oman, waliitenga Mombasa na Oman kwa nguvu zao wenyewe. Liwali wa Mombasa, Mmazrui Muhammad bin Uthman, alikataa kumtii Ahmad bin Said Albusaidi, aliyetwaa uimamu wa Oman katika miaka ya 1740. Watu waliotumwa kutoka Oman wakamuua. Nduguye Ali akatiwa kifungoni ndani ya Ngome ya Yesu mjini Mombasa. Hapo ndipo dai hilo linapovunjika. Mfungwa mmoja hawezi kuteka kuta nene za mawe ya matumbawe. Ali alitoroka, akarudi na wenyeji, ngome ikatwaliwa. Tena bila ridhaa ya Tisa Taifa na Thelatha Taifa, makundi mawili ya Waswahili wa Mombasa, Wamazrui wasingetawala hadi 1837.