Shampioni wetu ni nani? Tusimusahau Kalambay



Juma lililopita, nyuma ya masomo ya usiku, mabishano yaliwaka katika internati hata taa ikazimwa na sisi tungali tunapiga kelele. Musimamizi alikuja mara mbili. Neno lenyewe lilikuwa la ngumi: kati ya watu wa zamani na watu wa leo, nani mukubwa kupita wengine? Wamoja walisema Muhammad Ali, basi, mambo yamekwisha. Wengine walisema Ilunga Makabu, kwa sababu ni mutoto wa inchi na alivalishwa mukanda wake hapa hapa Kongo. Sisi wachache tulitaja jina la Sumbu Kalambay, na walituchekelea. Mumoja aliuliza: «Huyo Kalambay njo nani? Mwimbaji?» Swali lile lilituuma, ndiyo sababu tumeomba nafasi katika gazeti letu.

Tuanze na Kinshasa, kwani kila mutu anaanza kule. Tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, saa kumi ya usiku, Ali na George Foreman waliingia katika uwanja wa 20 Mai, unaoitwa leo Tata Raphaël. Huku kwetu ilikuwa saa kumi na moja, majogoo yakiwika. Mzee mumoja wa hapa Aveba, aliyekuwa mwanafunzi wakati ule, alituelezea namna walivyosongamana mbele ya redio moja tu, na betri zake zilikuwa karibu kufa. Foreman alikuwa na miaka 25, alikuwa amepigana mara 40 na kushinda zote 40, na mara 37 mutu wa mbele yake hakufika mwisho. Joe Frazier na Ken Norton walikuwa wamemushinda Ali kila mutu mara moja, na Foreman aliwamaliza wote wawili katika raundi mbili mbili tu! Ali alikuwa na miaka 32. Watu wenye akili walimuhurumia. Yeye akaegemea kamba, akajifunika kwa mikono, akamwacha kijana achoke, na katika raundi ya nane akamwangusha.

Hatutaki kupunguza utukufu wa Ali. Tena kuna jambo lingine: mwaka 1967 alikataa kwenda vita ya Vietnam, wakamunyanganya mukanda, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana, miaka ya nguvu zake. Hapa kwetu, mahali vijana wengi walishika bunduki bila kuulizwa kama wanataka, jambo lile hatuwezi kulipima kwa mizani ya ngumi. Tunaliweka pembeni, na tunavua kofia.

Lakini uone vile tunavyomutendea Foreman. Katika kinywa cha Wakongomani yeye ni mutu aliyeanguka, na aliyeshuka katika ndege pamoja na imbwa, watu wakakumbuka imbwa za polisi wa Wabelgiji. Ni vile tu. Nani kati yetu alijua kwamba mutu yule, miaka 20 nyuma ya Kinshasa, alirudi kuwa shampioni wa dunia? Ilikuwa tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 1994, akiwa na miaka 45, na alimwangusha Michael Moorer katika raundi ya kumi. Aliyelala chini mbele ya babu zetu alisimama wakati ambapo wenzake walikuwa wanalea wajukuu. Foreman alikufa mwezi wa tatu 2025, na tulipotaja habari ile katika darasa, wengine walisema tu: «Ah, yule wa Ali.» Ni haki kweli?

Sasa tuje kwa Kalambay. Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1956. Alikwenda Italia, akakaa huko, akachukua uraia wa huko, wakamuongezea na jina la Patrizio. Mwaka 1985 alishindwa na Ayub Kalule, mutu wa Uganda, jirani yetu wa ngambo ya ziwa, aliyekuwa shampioni wa dunia tangu 1979 mupaka 1981. Mutu mwingine angeacha kazi. Yeye aliendelea, na mwaka 1987, mwezi wa tano, alikwenda London kumupiga Herol Graham, Mwingereza ambaye hakuna mutu aliyekuwa amemushinda. Mwezi wa kumi wa mwaka ule ule alimushinda Iran Barkley wa Marekani na kuchukua mukanda wa dunia wa WBA. Mwezi wa tatu 1988 akamushinda Mike McCallum wa Jamaika, naye pia alikuwa hajashindwa hata siku moja. Soma tena majina yale, ndugu. Barkley yule, miezi michache nyuma ya kupigwa na Kalambay, alimwangusha Thomas Hearns. McCallum yule aliingizwa katika nyumba ya heshima ya wapiga ngumi. Hawakuwa watu wa kuokota njiani.

Kisha tukafika kwa Michael Nunn. Mwezi wa tatu 1989, kule Las Vegas, ngumi moja ya kushoto, nukta 88 tu, Kalambay chini. Wenye kumujua wanakumbuka hiyo. Hata sisi, tulipotafuta mapigano yake katika telefone ya mumoja wetu, ile ndiyo ilitokea ya kwanza! McCallum ilibidi tutafute sana, mupaka megabaiti zikaisha. Kama mutu anapimwa kwa nukta 88, kazi ya miaka kumi na mitatu iende wapi? Tena hakulala pale: mwaka 1992 alimushinda Steve Collins, ambaye baadaye alikuwa shampioni wa dunia, na Graham alimupiga mara ya pili.

Upande wa Makabu una maneno yake, hatukatai. Alizaliwa Kananga. Pigano lake la kwanza kabisa la kulipwa alishindwa. Mwaka 2016, kule Liverpool, alimwangusha Tony Bellew katika raundi ya kwanza, lakini katika raundi ya tatu ni yeye aliyelala. Alirudi chini, akapanda tena polepole, na tarehe 31 mwezi wa kwanza 2020, pale Kinshasa, alimushinda Mupolandi Michał Cieślak kwa pointi, raundi 12, akavaa mukanda wa WBC. Aliulinda mara mbili, na kule Saudi Arabia, mwezi wa pili 2023, Badou Jack akamunyanganya katika raundi ya mwisho. Tulifurahi sana siku ya Cieślak, hakuna aliyelala. Lakini furaha yetu si kipimo. Wenzetu wanahesabu mikanda, na mikanda ya leo ni mingi: katika kila uzito kuna mikubwa minne, na wakati wa Foreman ilikuwa miwili, naye alikuwa nayo yote miwili. Sisi tunauliza: mukanda ule ulipatikana mbele ya nani? Kwa swali lile Makabu hana McCallum wake. Mudogo wake Martin Bakole, yule wa uzito mukubwa, naye bado anaandika kitabu chake, tungojee.

Nani angemupiga nani kama wangekutana? Usiku ule tulipoteza karibu saa nzima kwa neno lile, na ni bure. Ali na Foreman waliweka sahihi kwa raundi 15, watu wa leo wanapigana 12. Kalambay alikuwa wa kilo 72, Makabu wa kilo 90. Utawakutanisha wapi?

Neno la mwisho la wapinzani wetu ndilo lilitufanya tunyamaze kidogo. Walisema: «Sawa, alikuwa hodari, lakini aliacha inchi. Alipigana kwa bendera ya Italia. Si wetu.» Katika chumba chetu tuko vitanda kumi na viwili. Wanane kati yetu wako na kaka ao dada ngambo ya ziwa, Kyangwali ao Kampala, tangu vita. Wengine wanasoma huko, wengine wanalima shamba la wenyewe, mumoja amepata karatasi za kwenda Kanada. Hakuna aliyeondoka kwa kupenda kuitwa mutu wa mahali pengine. Tuliwauliza wale wapinzani kama siku kaka zao watakaposhinda kitu huko, wataandika barua ya kusema «si wetu». Hakuna aliyejibu, na musimamizi alikuwa anakuja mara ya tatu.

Kwa hiyo sisi tunamuweka Kalambay wa kwanza kati ya wapiga ngumi waliozaliwa Kongo, Makabu wa pili. Watu wa Makabu wako na haki ya kujibu. Karatasi yao ifike kwa muandishi wetu mbele ya siku ya tano, ukurasa mumoja tu, kwani wino ni kidogo. Na waandike wazi, kwa majina: Makabu alimushinda nani?