Turufu Haijui Ghaibu

Siku hizi si lazima mtu avuke bahari ili aonane na mtazamiaji wa Kizungu. Simu iliyomo mfukoni humletea. Kijana aliyeko Mombasa au Lamu aweza kumwona mtu ameketi mbele ya meza, akichanga karata zenye picha na kutoa habari za ndoa, kazi na safari za watu asiowajua. Karata hizo huitwa taroti. Huko Marekani, uchunguzi wa shirika la Pew uliotolewa mwaka 2025 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila kumi huziendea angalau mara moja kwa mwaka.

Anayetaka kujifunza huambiwa kwanza achague jozi ya asili. Zinazosifiwa mno ni mbili: ile ya Marseille, iliyopewa jina la mji wa bandari wa Ufaransa, na ile iliyotolewa London mwaka 1909, iliyobuniwa na Arthur Edward Waite na kuchorwa na Pamela Colman Smith. Kila moja ina karata 78. Kati ya hizo, 22 ni za picha kubwa, kama vile Jua, Mwezi na Mauti, na 56 ni za aina nne.

Tofauti yao kubwa imo katika hizo 56. Katika jozi ya Marseille, vikombe vitano ni vikombe vitano tu na mapambo yake. Mwanafunzi hufundishwa kuunganisha maana ya tarakimu na maana ya kikombe. Katika jozi ya mwaka 1909, karata hiyo hiyo ina mtu aliyejifunika joho jeusi, vikombe vitatu vimemwagika mbele yake na viwili vimesimama nyuma yake. Hapo hata asiyejua kitu aweza kutunga hadithi, na ndiyo maana wanafunzi wengi huanza na hiyo.

Lakini yafaa tuulize: asili hiyo ni asili ya nini?

Jawabu limo vinywani mwetu. Wanaocheza karata barazani huziita aina zake nne shupaza, kopa, uru na pao. Maneno hayo ni ya Kireno, na maana yake ni panga, vikombe, dhahabu na marungu. Wareno walitolewa Fort Jesus mwaka 1698, lakini maneno yao ya karata yalibaki, kama yalivyobaki meza na leso. Ifungue jozi ya Marseille, utakuta aina ni hizo hizo: panga, vikombe, sarafu na fimbo. Hata turufu, karata inayozila nyingine, ni neno la Kireno ambalo mwanzo wake ni Kiitalia. Nalo ndilo jina walilozipa Wataliani zile karata za picha kubwa walipozitunga katika karne ya 15. Walizitunga wachezee, wala si kwa kutazamia.

Wataliani nao karata za kawaida walizipata kutoka nchi za Kiislamu. Katika jumba la Topkapi mjini Istanbul imehifadhiwa jozi ya Misri ya zama za Wamamluki, yenye panga, vikombe, sarafu na fimbo za kuchezea mpira juu ya farasi. Haina sura ya mtu hata moja. Mfalme na naibu wake wametajwa kwa maandishi ya Kiarabu tu.

Utabiri uliingia baadaye sana. Mwaka 1781, mjini Paris, Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba taroti ni kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao. Wakati huo hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri hiyo; Champollion alitangaza ufunguo wake mwaka 1822. Hata hivyo, haukupita muda mrefu Jean-Baptiste Alliette, aliyeligeuza jina lake kinyumenyume akajiita Etteilla, akawa anauza karata na mafunzo ya kuzisoma. Basi Misri ya kweli ilitoa mchezo, na Misri ya kubuni ikatoa utabiri. Wafaransa wengi hata leo huzitumia karata 78 kwa mchezo tu.

Tusiwacheke Wazungu, maana nasi tuna ramli yetu yenye alama 16. Njia ni moja: mtazamiaji husema neno pana, na mwenye shida hulijaza kwa machungu yake mwenyewe. Anayetazamiwa mume au mke aweza kurudi nyumbani na shaka asiyoweza kuitoa. Na hapa kwetu Kilifi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Neno lisilo na ushahidi si mchezo likiingia katika nyumba yenye msiba.

Kwa Mwislamu jambo hili lina uzito zaidi. Aya ya 90 ya Sura Al-Maida inaitaja kamari pamoja na mishale ya kupigia ramli, na hadithi iliyomo katika Sahih Muslim inaonya kwamba anayemwendea mtabiri kumwuliza jambo hakubaliwi sala zake za siku 40.

Anayependa historia na asome habari za karata hizi. Si haramu kujua zilikotoka. Ila mwenye jambo linalomkosesha usingizi ana mlango mwingine. Ikiwa ni ugonjwa, yuko daktari; ikiwa ni ndoa, wako wazee na kadhi. Na baada ya kushauriana iko sala ya istikhara, ambayo haimwombi Mola atufichulie kesho, bali atuchagulie lililo na kheri.