Ameridhika, Lakini Amefika Wapi?

Vyuo vya jamii vya Marekani vinapenda sana kutangaza kwamba wanafunzi wao wa mwaka wa kwanza wameridhika. Wazazi walioko Eldoret, Bukavu na Mwanza hupata taarifa hiyo hiyo kwa simu: "Chuo kizuri, walimu wazuri, nimeshazoea." Basi kila mtu anashusha pumzi. Imani iliyojengeka ni kwamba kijana akifurahia mwaka wa kwanza, chuo kimefanya kazi yake na yaliyobaki yatakwenda yenyewe. Imani hiyo haina msingi, na wanaoilipia ni vijana wenyewe.

Vyuo hivi ni vya miaka 2, ada yake ni nafuu, na mlango uko wazi kwa karibu kila mwenye cheti cha sekondari. Vimekuwepo tangu Joliet, Illinois, walipofungua chao mwaka 1901. Wengi wanaoingia hawataki kuishia hapo. Takriban 80 kati ya 100 husema nia yao ni shahada ya kwanza, yaani wapitie hapo kisha wahamie chuo kikuu. Wanaohamia kweli ni kama theluthi moja, na wanaoipata shahada ndani ya miaka 6 ni kama 16 kati ya 100. Weka takwimu hizo kando ya matangazo ya kuridhika, uniambie kipi kimepimwa.

Kwanza, nani anaulizwa? Hojaji inayojulikana zaidi, CCSSE, ilianzishwa mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Texas kule Austin. Ina maswali mengi ya maana kuhusu juhudi na ushauri, lakini ina pia hili: ungempendekezea rafiki au ndugu yako chuo hiki? Kwa miaka mingi imekuwa ikijazwa darasani, katika muhula wa pili. Mwalimu anasimamisha somo, karatasi zinagawiwa, waliopo wanajaza. Aliyeacha mwezi wa kumi kwa sababu gari liliharibika, au kwa sababu zamu ya ghalani ilihamishiwa asubuhi, hayumo chumbani. Hiyo ni sawa na kuuliza abiria waliobaki ndani ya basi kama safari ni nzuri, ilhali nusu ya foleni imeachwa kituoni. Ipo hojaji dada inayofanywa wiki ya 4 na ya 5 ya muhula wa kwanza, na hiyo inawawahi wengi zaidi. Ila wakati huo hata mitihani ya maana haijafanyika. Mtu anaridhika na nini, rangi ya kuta?

Halafu kuna adabu, jambo ambalo waandaaji wa hojaji hawalijui kama tunavyolijua sisi. Mswahili aliyelazwa hospitali ukimuuliza habari atakujibu nzuri, kisha ndipo aitaje homa. Sasa mpe karatasi kijana aliyesoma katika madarasa yaliyofurika ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyehamishiwa Marekani na familia yake, umuulize kama ameridhika na maktaba yenye joto na kompyuta ya bure. Atakupa alama zote. Kumpunguzia mwalimu alama kwake ni utovu wa shukrani. Jibu lake linaeleza alikotoka, halisemi chochote kuhusu anakokwenda.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba vitu vinavyomfurahisha mwanafunzi mwaka wa kwanza mara nyingi ndivyo vinavyomchelewesha.

Mchukue kijana aliyemaliza kidato cha nne Kenya. Siku ya kujiandikisha anakalishwa mbele ya kompyuta kufanya jaribio la hisabati. Hakuambiwa ajiandae, wala hajui kwamba jaribio hilo ndilo litakalompangia mwaka mzima. Anakosea hapa na pale, anapelekwa kwenye kozi ya awali, arudie aljebra aliyoisoma akiwa kidato cha pili. Anapata 95. Mwalimu anamsifu mbele ya wenzake. Anapiga simu nyumbani amefurahi, na ana haki ya kufurahi, ila kozi ile haiingii kwenye shahada hata kidogo. Ada imelipwa, muhula umekwenda, na kama anasomeshwa na ruzuku ya Pell ya serikali ya Marekani, sehemu ya ruzuku hiyo yenye kikomo imeliwa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia wanaofuatilia vyuo hivi walikadiria kwamba majaribio ya namna hiyo yaliwakosea vibaya kama robo ya waliofanya hisabati na theluthi ya waliofanya Kiingereza. California ilifika mahali ikapitisha sheria mwaka 2017 kuvibana vyuo visiwasukumie wanafunzi kozi hizo ovyo. Haikusukumwa na malalamiko ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa sababu anayepata 95 halalamiki.

Na krediti, yaani pointi za kozi zinazohesabika kwenye shahada? Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanaohama chuo hupoteza kwa wastani 43 katika kila krediti 100. Hasara hiyo huonekana mwaka wa tatu, dirishani kwa msajili wa chuo kikuu, pale mtu anapoambiwa kozi aliyoipenda kuliko zote haimo katika mtaala wao. Hojaji ya kuridhika ilishajazwa zamani.

Mwanasosholojia Burton Clark aliliona hili tangu 1960. Alieleza jinsi vyuo hivi vinavyompoza mwanafunzi aliyekuja na ndoto kubwa: hakataliwi, anashauriwa taratibu, anaelekezwa kozi fupi, mpaka yeye mwenyewe anaona ndogo inamtosha. Aliyepozwa vizuri huridhika.

Najua nitajibiwa kwamba anayejiona mgeni chuoni huacha mapema, na ni kweli. Ila kujiona una mahali pako si sawa na kufurahishwa. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mpango wa ASAP mwaka 2007. Ndani yake mwanafunzi analazimika kusoma kwa muda kamili, analazimika kuonana na mshauri wake mara kwa mara, na alikuwa akihimizwa kumaliza kozi za awali mapema. Kwa upande wake chuo kinaziba pengo la ada, kinasaidia vitabu na kinalipa nauli. Utafiti uliowapanga wanafunzi kwa bahati nasibu ulikuta kwamba baada ya miaka 3 waliokuwa katika mpango walihitimu asilimia 40, wengine 22. Hapo kilichopimwa ni waliohitimu.

Kwa hiyo ndugu aliyeko nyumbani, au shangazi aliyeko Columbus au Houston, acha kuuliza kama chuo ni kizuri. Muulize kozi zake za muhula huu ni ngapi zinahesabika kwenye shahada anayoitaka, na ni chuo kikuu gani kimeandika kwamba kitazipokea. Akijibu kwamba ataulizia, mwambie aulizie wiki hii, kabla tarehe ya mwisho ya kubadilisha kozi haijapita.