TAARIFA YA TAWI: SLAIDI CHACHE, OMBI MBELE

Ndugu wanachama,

Tunaandika kuhusu kikao chetu na wanunuzi wa pamba hapa Bariadi. Tulikwenda na slaidi 34, kuwaomba waungane nasi ili mizani yote ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa Mei. Ombi lenyewe tuliliweka slaidi ya 31. Tulipofika ya 12, wenzetu walikuwa kwenye simu. Tukarudi bila jibu.

Wapo wanaosema tumedharauliwa. Sisi tunasema kosa ni letu. Tulijaza majedwali ya maandishi madogo, kisha tukayasoma neno kwa neno tukiwapa watu mgongo. Mwenye mtaji anataka kujua mapema: mnaomba nini, gharama kiasi gani, naye atafaidikaje.

Kikao kijacho tunapendekeza slaidi 5 tu:

1. Ombi letu.
2. Hesabu moja, kwa herufi kubwa: mizani ikipunja kilo 2 katika kila kilo 50, mkulima mwenye kilo 1,000 amepoteza kilo 40.
3. Gharama.
4. Faida: mnunuzi mwaminifu hatashindana tena na mpunjaji.
5. Nani afanye nini, lini.

Majedwali tutayachapisha na kuyagawa mwishoni.

Mazoezi ni Jumamosi saa 9 alasiri, ofisi ya tawi. Slaidi usiyoielewa, sema bila aibu, tutaifuta. Jasho la mkulima lisipotee kwa sababu sisi tulishindwa kulieleza.

Katibu wa Tawi