Hadithi za Jioni na Macho Mekundu ya Bibi



Tunawasikia baadhi yenu hapa Lingeka mkisema kwamba hadithi za mazimwi hazifai katika familia ya Kikristo, eti zinamfundisha mtoto ushirikina. Sisi wauguzi hatukubaliani nanyi. Mtoto anayesimuliwa hadithi jioni hujifunza maneno mapya, hujifunza kusikiliza, na hulala akiwa karibu na mtu anayempenda. Wodini tumemwona mtoto aliyekataa dawa akafumbua kinywa kwa kuahidiwa tu kwamba atasikia mwisho wa hadithi. Siku hizi wengine hupewa simu ili wanyamaze. Kunyamaza wananyamaza kweli!

Nani kwetu hajui habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na ng'ombe wao, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi? Mwanawe, Masala Kulangwa, alipokua akauliza watu wengine wako wapi. Akaenda kuwinda. Akiua panzi, ndege au swala, humletea mama yake: "Ndiye huyu?" Hapo watoto hucheka sana. Mwishowe akaliua zimwi, akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Padre Donald Sybertz na Padre Joseph Healey, wamisionari wa Maryknoll, katika kitabu chao cha mwaka 1996 walimlinganisha kijana huyo na Kristo Mkombozi. Na kule Bujora, karibu na Mwanza, ngoma za Bulabo huendana na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Basi tusizionee haya hadithi zetu.

Shida tunayoiona ni nyingine. Mtoto aliyelazwa kwa kuungua alimwona bibi aliyekuja kumwuguza mjukuu wake kitanda cha pili. Macho ya bibi yalikuwa mekundu. Mtoto akapiga kelele: "Mchawi!" Mama yake hakumkanya. Bibi akajifunika khanga usoni, akatoka nje.

Zimwi la hadithi halina kijiji. Bibi yule ana jina, na ana jirani mwenye panga. Katika Usukuma wetu vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho ya namna hiyo, ambayo huletwa na moshi: miaka mingi ya kupika kwa kuni na mavi makavu ya ng'ombe katika nyumba isiyo na dirisha. Wengine wana vikope, nao ni ugonjwa wenye dawa.

Hadithi yenyewe inamjua bibi huyu. Masala Kulangwa alipolipasua zimwi alimkata bibi kizee sikio kwa bahati mbaya. Bibi akakasirika sana. Kijana hakumpiga wala hakumwita mchawi. Alitafuta dawa, akamponya. Wasimulizi wengi hukiruka kipande hicho kwa haraka ya kwenda kulala. Tunawaomba msikiruke. Na kama bibi wa kwenu macho yanamwuma, mleteni hospitali, na jikoni kwake mtoboe dirisha.